Kesho Ulimi Unabaki Hospitalini

Sogeeni karibu, wanangu, na mkae upande wangu wa kulia, maana upande wa kushoto mdomo unavuja na sipendi kuwatemea mate watu ninaowausia. Bosi, zima hiyo simu. Sikusema uigeuze, nimesema uizime. Kitinda, acha kulia kwanza, utalia nikimaliza. Muda wa kulia upo wa kutosha, wa kusema ndio haupo. Na wewe Fundi, binti yangu, usisimame mlangoni kama mteja aliyekuja kuulizia kochi lake. Kaa hapo kwenye kiti. Na nikitoa neno lisiloeleweka, asijifanye mtu ameelewa akatikisa kichwa kwa adabu. Niambieni, "Baba, rudia," nami nitarudia, kwa sababu leo kurudia kupo, na kuanzia kesho hakupo tena.

Tulichoitiana mnakijua. Kesho saa moja asubuhi natakiwa niwe wodini. Daktari wa upasuaji, yule mama mfupi mwenye mikono midogo, ameniambia ugonjwa umerudi palepale walipokata, na safari hii hauondoki kwa kukata kipande. Ama waukate ulimi wote uliobaki pamoja na sehemu ya taya, wajazie kwa nyama ya paja, ama waniache nirudi nao nyumbani mpaka utakaponimaliza. Nikamuuliza, nikikatwa nitapona? Akasema, "Mzee, unaweza kuishi." Nikamuuliza miaka mingapi, akasema hesabu ni za watu wengi na mimi ni mmoja. Nikamuuliza, nitasema? Hapo akaiweka kalamu chini. Akasema sauti itabaki, maneno hayatabaki. Sasa mimi niliyewahi kuwausia mara moja nikidhani nakufa, nisife, nimekaa tena mbele yenu nawausia, na sijui huu ni wosia wa mtu anayekufa au wa mtu anayeishi. Sijui niwaage au niwaambie tutaonana jioni. Nikirukaruka katika maneno mtanivumilia, kichwa changu kimevurugika kuliko mdomo.

Wosia wa kwanza mnaukumbuka. Ilikuwa miaka miwili iliyopita, hapahapa sebuleni, nami nikiwa na ulimi mzima na maneno mengi, maana mtu akiwa na kitu hajui kukipima. Nilijua nakufa. Sikuwa na shaka hata chembe. Nikagawa kila kitu kwa siku moja: chumba changu cha mbele kikawa cha Bosi na mke wake, karakana ikawa ya Fundi, cherehani ya marehemu mama yenu nikampa Kitinda, hata miwani yangu nikamgawia jirani. Nikawaomba radhi watu ambao sikuwa nimewakosea, na wale niliowakosea nikawasamehe mimi. Nikaingia chumba cha upasuaji nikiwa mwepesi kabisa. Kisha nikaamka. Wanangu, hakuna aliyewahi kunifundisha mtu afanye nini akiamka baada ya wosia wake. Nilirudi nyumbani na nusu ya ulimi, shingo imeshonwa kama mto wa kochi, nikakuta chumba changu kimepakwa rangi ya kijani na kitanda cha mjukuu kimekaa pale lilipokuwa kabati langu. Nikalala kwenye kochi hili wiki tatu. Bosi, usiinamishe kichwa, sikulaumu, ulifanya nilivyokwambia. Lakini hakuna aliyethubutu kusema, "Baba, hukufa, rudi chumbani kwako," na mimi pia sikusema, tukawa tunapishana koridoni tukisalimiana kama wapangaji. Miwani nilikwenda kuidai mwenyewe kwa jirani. Alinirudishia, lakini alinung'unika.

Mtu akipatwa na jambo huutafuta mlango lilipoingilia, nami nimeutafuta mpaka nimechoka. Nimefanya kazi ya makochi miaka arobaini na moja, na ulimi huu ndio ulikuwa mfanyakazi wangu wa kwanza. Siku hizi mnatumia stepla ya upepo, tatatata, kazi imekwisha, sikatai. Lakini sisi tulijaza misumari midogo mdomoni, konzi nzima, tukaihifadhi shavuni. Ulimi unauchagua mmoja, unaugeuza kichwa kitangulie, unausogeza mpaka kwenye midomo, nyundo yenye sumaku inaudaka na kuugongea kwenye mbao, na kabla nyundo haijarudi, mwingine uko tayari. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unapiga, ulimi unahudumia. Sijawahi kumeza hata mmoja. Sasa fundi saa, jirani yetu pale karakanani, anasema ni chuma hicho ndicho kilichoniozea mdomoni. Shangazi yenu anasema ni jicho la mtu. Daktari aliniuliza kama navuta sigara, nikasema kidogo, akauliza kidogo ni ngapi, nikasema pakiti, akaandika. Akasema habari za misumari amezisikia, ila yeye angeanza na sigara. Haya, na muuza chai aliyekuwa akivuta mbili mimi nikivuta moja, mbona ulimi wake anao na anautumia kusengenya watu? Sijui. Nimeacha kuutafuta mlango. Kitinda, asije mtu akakwambia baba yako alirogwa ukamkubalia. Na wewe Bosi, ile pakiti iliyo chini ya kiti cha gari, kaitupe. Ndiyo, nimeiona.

Kwamba ugonjwa ulirudi si kosa langu. Kwamba ulikaa miezi minne bila mtu kujua, hilo ni langu, na leo nalikiri. Baada ya kisu cha kwanza na ile mionzi ya wiki sita iliyonipokonya ladha na mate na nusu ya meno, nikapona, na nesi wa kliniki akanipenda. Kila nikienda kupimwa ananiita, "Aliyerudi, njoo," hata mtaani jina likanikaa, Mzee Aliyerudi. Ananipeleka kwenye benchi la wagonjwa wapya ananisimamisha mbele yao: "Mwoneni huyu. Alikuwa kama nyinyi." Nami natoa maneno mawili matatu yanayoeleweka, kisha namenya ndizi nakula wanione nikimeza. Nilifanywa kielelezo, wanangu, na kielelezo hakiruhusiwi kuugua. Siku moja nikamkuta pale dereva wa lori, jitu la miraba minne, analia kwa kwikwi kwa sababu kesho yake ilikuwa zamu yake ya kukatwa. Nikamshika mkono nikamwambia, "Ndugu yangu, ukishakatwa umekatwa, yamekwisha, nitazame mimi." Na wakati huohuo, chini ya kovu, ulimi wangu ulikuwa unapapasa kitu kidogo mfano wa punje ya mchele usioiva. Nilikijua. Ulimi uliochagua misumari miaka yote hiyo haukosei kitu cha ukubwa ule. Nikajiambia ni chai ya moto. Nikajiambia ni jino lililobaki linanikwaruza. Nesi akaniuliza, nikasema sijambo kabisa, nikamenya ndizi nyingine.

Niliona aibu. Watu wamekushangilia umerudi, utaanzaje kuwaambia unaondoka tena? Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nilikuwa nikiwaambia wateja wanaoleta makochi yenye kunguni wakisema ni ya jirani, tunacheka wote, kumbe siku hiyo najisemea mwenyewe. Ndiyo maana nawaagiza, mtafuteni yule dereva. Nesi anamjua. Mwambieni sikumdanganya aliponiona nimepona, nilimdanganya niliposema yamekwisha. Ajipapase mdomo kwa kidole kila asubuhi, na akikuta kitu aende siku hiyohiyo, aibu aiache nyumbani. Hilo nalihesabu kuwa deni, na mkiwa na haraka ya kunizika mlilipe kwanza.

Nipeni maji. Si kwa glasi, kwa kijiko. Taratibu. Ahsante.

Nilikuwa wapi? Ndiyo, hospitali. Juzi, mlipokuwa mmesimama ukumbini nje ya chumba cha daktari, mlidhani nimesinzia kwenye kiti cha magurudumu. Watu wakiona mtu hasemi vizuri hudhani na masikio yamekatwa. Wageni wananipigia kelele, "MZEE! HUJAMBO!" kisha wanamgeukia Fundi wanamuuliza kwa sauti ya chini, "Anakula?" Sasa nisikilizeni, nilisikia yote. Bosi alisema baba akatwe, kumwacha hivihivi ni kumtupa, na yeye hawezi kuishi akijua alimtupa baba yake. Kitinda akasema baba ameteseka, inatosha, apumzike na maneno yake mdomoni, mnataka kumgeuza kuwa kitu gani. Mkarushiana maneno mpaka mlinzi akaja. Mmoja anataka niishi nisiseme, mwingine anataka niseme nisiishi, na wote wawili mnanipenda, na wote wawili mna haki, hapo ndipo nilipopotea kabisa. Nikiwa garini na Bosi, nakubaliana na Bosi. Kitinda akinilisha uji, nakubaliana na Kitinda. Nikiwa peke yangu sikubaliani na mtu yeyote. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, yaani mpe tu, usimsumbue kwa maswali, na ni kweli kwa upande wa uji. Lakini ulimi si uji. Nilitaka niulizwe, na daktari alipouliza, nikakuta jibu sina.

Naogopa, wanangu. Kisu sikiogopi, mimi na kisu tunajuana. Naogopa kuita. Naogopa siku nitakayoteleza bafuni nikatoa sauti, nanyi huku jikoni msijue kama nacheka au nimevunjika. Naogopa wajukuu wataniogopa. Naogopa kukaa hapa katikati ya mabishano, nina jibu zuri kabisa, jibu la kuwanyamazisha wote, na jibu linafia kooni. Ulimi hauna mfupa, ndiyo, lakini umenibeba kuliko mifupa yote niliyo nayo. Na kufa pia nakuogopa, tena sana, jambo ambalo sikulitegemea. Safari ya kwanza sikuogopa kwa sababu nilikuwa na uhakika. Safari hii nimeshaonja kurudi. Ile chai ya kwanza niliyomeza baada ya kutolewa mirija, ladha yake sikuisikia hata kidogo, lakini nilisikia uvuguvugu wake unashuka kifuani polepole, nikalia mbele ya nesi bila haya. Nataka tena uvuguvugu ule. Daktari anasema nitalishwa kwa mpira wa tumboni. Sawa, mtautia humo, nitausikia hukohuko tumboni.

Sasa shikeni haya, kwa sababu taya linaanza kuwa zito. Ule wosia wa kwanza naurekebisha. Nyumba hii ni ya watatu, asiiuze mtu, wala asimwambie mwenzake "umekuja kwangu." Chumba cha mbele, nikifa, ni cha Bosi kama nilivyosema. Nikirudi, nakitaka, na ile rangi ya kijani mtaitoa. Nakigombania leo kwa kuwa nikirudi sitaweza kugombana. Cherehani Kitinda unayo tayari. Itie mafuta, mama yenu hakuwahi kuiacha ikalalamika. Karakana ni ya Fundi peke yake, na asije mtu akasema alipewa kwa huruma. Kuna kochi refu la mwalimu mkuu mstaafu liko pale kwenye meza ya nyuma. Springi za upande wa kushoto nilizifunga mimi nikiwa na homa, nikafunga ovyo. Zifunguliwe zifungwe upya, asije yule mama wa watu akakaa akazama mbele ya wageni wake. Na shangazi yenu mkae naye vizuri. Ana maneno, lakini alinifulia mashuka wakati ule ambapo nyinyi mlikuwa mnaziba pua.

Na hili la kuishi bila maneno, kama nitaishi. Msinijibie. Mgeni akiuliza, "Mzee anaendeleaje?" nitazameni mimi kwanza, ngojeni. Nitaandika, nitanyoosha kidole, nitapiga meza. Nikikasirika niacheni nikasirike, msinibembeleze kama mtoto anayeota meno. Msinifiche habari mbaya mkidhani asiyesema haumii. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, naamini hivyo, ingawa aliyesema maneno hayo koleo lake lilikuwa la chuma. Mimi la kwangu ni la nyama, na sijui uhunzi gani utabaki. Tutauona pamoja.

Ile karatasi ya hospitali. Bosi umeitafuta kwenye droo ili uniletee na kalamu. Kitinda umeitafuta chini ya godoro ili uifiche. Iko hapa mfukoni mwa shati. Nimeshaisaini. Niliisaini leo asubuhi mlipokuwa mnakunywa chai, kwa mkono wangu, mezani, hakuna aliyeniona. Nimesaini nikatwe. Kitinda, kaa chini mama, kaa. Si kwamba Bosi ameshinda. Na wewe Bosi, ondoa hilo tabasamu. Nimesaini kabla ya kuwaita ili, nikifia pale mezani kwa daktari, asije mmoja wenu akaishi miaka yake yote akisema, "Mimi ndiye niliyemwambia baba akubali." Wala nikiishi nikawa mtu wa kufutwa mate, asije mwingine akasema, "Si niliwaambia?" Ni mimi. Sikuwa na uhakika nilipokuwa nasaini, na mpaka sasa sinao. Niliandika jina langu, nikaikunja karatasi, nikanywa maji, nikakaa nikingoja uhakika uje, haukuja. Nimechoka kuungoja.

Limebaki moja, na ndilo hasa nililowaitia. Nyumba na chumba vilikuwa visingizio.

Fundi, pale ukumbini wenzako walipokuwa wanagombana, wewe ulinyamaza. Hukusema nikatwe, hukusema niachwe. Nilikitambua kimya kile. Ni cha kwangu, umekirithi kabla sijafa. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akisubiri nijaze misumari mdomoni ndipo aniambie amevunja nini au amenunua nini, maana mwenye misumari mdomoni hajibu. Tulikuwa tunacheka sana. Lakini nami nikajifunza ujanja huo kwa upande wangu: likija swali nisilolitaka, nachota misumari. Watu wakaniona mchapakazi.

Miaka ishirini iliyopita, ukiwa na miaka kumi na tisa, ulikuja karakanani na barua ya chuo cha ualimu. Ulisimama mlangoni, jua likiwa mgongoni kwako, nisiuone uso wako vizuri. Ukasema, "Baba, nimepata nafasi. Niende?" Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Ningeweza kutema. Wanangu, kutema ni jambo la sekunde moja, bakuli lilikuwa pale kwenye goti. Sikutema. Nilipiga msumari, nikapiga mwingine, nikamaliza mkono mzima wa kochi, na wewe umesimama. Ulipoona sijibu ukaikunja barua, ukaja ukashika upande wa pili wa kitambaa ukanivutia. Kesho yake ukarudi kunivutia tena. Watu wakasema binti wa fundi ameipenda kazi ya baba yake, nikawaacha waseme. Wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa, niliuficha. Nilikuzuia kwa kunyamaza, ili siku ukinilaumu niseme, "Mimi? Mimi sikukukataza." Leo ungekuwa mwalimu mkuu, unaletewa kochi nyumbani badala ya kulishona. Nisamehe, mwanangu. Miaka ishirini nimekuwa nikiliona jambo hilo kila ukiingia pale mlangoni, na kila nikitaka kulisema nachota misumari, na tulipoacha kutumia misumari nikachota visingizio vingine.

Sasa nawe niambie unachofikiri. Karatasi imeshasainiwa, jibu lako halitabadili kitu, kwa hiyo halina lawama ndani yake. Nataka tu kulisikia wakati ambapo bado naweza kulijibu. Usiume mdomo. Sema.

Rudia. Sikusikia. Au nimesikia, sijaamini.

Hukutaka kwenda?

Ulisimama pale mlangoni ukingoja nikwambie... ubaki? Barua ulikuja nayo ili niikatae? Ngoja. Ngoja kidogo. Bosi, acha kunifuta, yaache yatiririke. Unasema siku zote hizi ulidhani sikukutaka karakanani. Ulidhani nakuvumilia. Kila asubuhi unafungua lile kufuli kama mtu aliyejikaribisha mwenyewe, unaogopa siku nitakayotema misumari nikwambie nenda. Miaka ishirini. Na mimi hapa, kila nikikuona, najilaumu kwa kosa ambalo silo, na lile lenyewe sikulijua. Jamani. Nimevurugika, nipeni nafasi. Kwa hiyo nani... Hapana, ni mimi. Ni kulekule kunyamaza. Kosa ni langu, nililibeba kinyume tu.

Njoo hapa. Karibu zaidi, maneno yananiishia. Nilikutaka. Tangu siku ile, na kabla ya siku ile. Uliposhika kile kitambaa ukavuta, kilinyooka bila kunjo hata moja, nikasema moyoni, karakana imepata mwenyewe. Nilisema moyoni. Mjinga gani anasema jambo kama hilo moyoni? Basi chukua jibu la barua yako, limechelewa lakini ni lako. Baki. Si kwa kuwa huna pa kwenda. Baki kwa kuwa nakutaka. Umesikia? Limetoka vizuri? Lile neno... limeeleweka?

Eh? Sema tena.

"Na wewe baki, baba."

Haya. Haya, mama. Ndilo ulilotaka kusema kule hospitalini. Nimelisikia. Siahidi, hili si langu kuahidi... lakini sasa najua kwa nini nilisaini. Asubuhi nilikuwa sijui.

Nipeni mikono. Yote. Kitinda, na wewe, usinune, leta mkono. Bosi na Kitinda, mtaombana radhi leo, kabla ya chakula, kwa maneno, si kwa kupikiana. Mungu awape... mikono isiyotetemeka. Awape kazi inayomalizika vizuri. Awape mtu wa kuwajibu... mkiuliza. Mahali nilipowanyamazia, nisameheni, na nyinyi... msinyamaziane. Watoto wenu wawaulize chochote, mteme... muwajibu. Nimewaridhia. Wote watatu, hai au... vyovyote itakavyokuwa. Radhi yangu haimo katika karatasi ile, imo... hapa, mikononi mwenu.

Mdomo umegoma. Semeni amina.

Fundi... kwa sauti.